Barua kwa Nesi: Mgonjwa Karudi Nyumbani, Sasa Nani Afanye Nini?

Mwezi huu nimeziweka kando barua za chanjo na za vidonda vya tumbo, nitazirudia. Nyingi zilizonifikia zinauliza jambo moja kwa sauti tofauti: mgonjwa karuhusiwa, kafika nyumbani, na kabla familia haijapumua yuko tena kwenye machela. Nimefanya kazi wodini kwa miaka mingi, kisha nikahamia kazi ya kuwatembelea wagonjwa majumbani, na kwa niliyoyaona, ugonjwa una sehemu yake, lakini wengi hurudishwa na zile wiki mbili za mwanzo ambazo kila mtu nyumbani alidhani mwenzake ndiye anayejua. Nimechagua barua tano.

*Shikamoo mama nesi. Baba yangu ana tatizo la moyo kushindwa kusukuma damu vizuri. Mwaka huu amelazwa mara tatu. Kila akiruhusiwa anakaa vizuri kwa muda, halafu miguu inavimba, usiku anashindwa kulala chali, tunamkimbiza tena. Dawa anakunywa, namsimamia mwenyewe. Kaka zangu wanasema simwangalii vizuri. Nimeishiwa la kufanya.*
*— Kitinda Mimba*

Marahaba mwanangu. Tuanze na kaka zako, tuwamalize. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nao kitanda hiki hawajakilalia hata usiku mmoja. Wape kazi. Nitakuonyesha ipi.

Unasema dawa anakunywa. Nakuamini. Ninachotaka kujua ni zipi. Kesho asubuhi kusanya kila dawa iliyomo ndani ya nyumba: za kwenye droo, za mfuko wa koti lake, za chini ya mto, na zile alizopewa na rafiki yake kwa sababu "zilimsaidia". Mwaga zote mezani. Kisha chukua karatasi ya ruhusa ya mara ya mwisho, ile ya mwisho tu, hizo mbili za nyuma zikunje uziweke mbali. Panga mafungu matatu: dawa alizokuwa nazo na anaendelea nazo, dawa mpya, na dawa alizoachishwa. Fungu la tatu ndilo hatari, na ndilo ambalo karatasi nyingi za ruhusa hazilitaji vizuri. Daktari amebadilisha dawa ya presha wodini, ya zamani imebaki nyumbani kabatini, mzee anarudi na kumeza zote mbili.

Soma maandishi madogo pia. Nilimtembelea mzee mmoja aliyekuwa akianguka kila akiinuka kwenda chooni. Binti yake alinitolea boksi mbili za rangi tofauti, moja imeandikwa Lasix kwa herufi kubwa, nyingine furosemide. Alikuwa akimpa zote mbili kila asubuhi, kwa uaminifu kabisa, kwa kuwa kila moja ilitoka hospitali tofauti. Ni dawa ileile ya kutoa maji mwilini. Mzee alikuwa amekaushwa, presha yake ikishuka kila akisimama. Jina kubwa kwenye boksi ni la kampuni, jina la dawa yenyewe mara nyingi ni lile dogo la chini. Hilo ndilo la kulinganisha, na mkishindwa, beba mfuko mzima umpelekee mfamasia. Hata aibu usione. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliowafuatilia wagonjwa baada ya kutoka hospitali: karibu mmoja kati ya watano alipatwa na madhara yaliyotokana na matibabu, na sehemu kubwa ya madhara hayo ilisababishwa na dawa.

Sasa niulizie baba yako kitu kimoja kwa upole: magoti hayamuumi? Mgongo je? Wazee wengi wana dawa ya maumivu wanayojinunulia, na hawaihesabu kuwa dawa. Ibuprofeni na diklofenaki huufanya mwili ushike chumvi na maji, na huziumiza figo. Mgonjwa wa moyo akivimeza vidonge hivyo kwa siku chache tu miguu inaweza kujaa, huku wewe ukijilaumu kwa chakula. Kwa maumivu ya kawaida mara nyingi huambiwa atumie parasetamoli, lakini hata hapo epukeni vidonge vinavyoyeyushwa majini vikatoa povu, kwa kuwa hubeba sodiamu nyingi, ileile iliyomo kwenye chumvi. Waambie wanaomhudumia ni dawa gani ya maumivu umeikuta, na kwa muda gani ameitumia.

Halafu nunueni mizani. Hii ndiyo kazi ya kaka zako, na ndiyo ningeanza nayo kama ningeruhusiwa kuwapa kitu kimoja tu. Kila asubuhi, baada ya kukojoa na kabla ya kula, akiwa na nguo nyepesi zilezile, apande mizani ileile iliyowekwa kwenye sakafu ngumu. Zulia hudanganya. Andika tarehe na kilo. Uzito ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji, hakuna mtu anayenenepa hivyo kwa chakula. Na mara nyingi maji huonekana kwenye mizani kabla miguu haijavimba na kabla pumzi hazijaanza kukata. Hapo ndipo unapopiga simu. Ukingoja mpaka anashindwa kulala chali, umeshachelewa, mtakutana na machela.

Andika na idadi ya mito anayolalia. Aliyekuwa akilala na mmoja akianza kuomba wa pili, au ukamkuta usiku ameketi kwenye kiti, hiyo ni habari kamili, mpe daktari kama ilivyo. Chumvi ipunguzwe jikoni na iondolewe mezani. Kuhusu maji ya kunywa usifuate ushauri wa jirani: wengine huwekewa kiwango, wengine hawawekewi, muulize daktari wake na uandike jibu.

Mwisho, tarehe ya kliniki. Kwa ugonjwa huu ninapenda mgonjwa aonekane ndani ya siku 7 tangu atoke, hata kama anajiona mzima. Mwaka 2009 huko Marekani walitazama wazee na watu wenye ulemavu waliomo kwenye bima ya serikali: karibu mmoja kati ya watano alirudi kulazwa ndani ya siku 30, na nusu ya wale waliorudi baada ya kutibiwa magonjwa yasiyo ya upasuaji hawakuwa na rekodi yoyote ya kuonwa na daktari hapo katikati. Yaani walitoka kitandani wakarudi kitandani, na hakuna aliyewagusa. Ukiambiwa nafasi ni baada ya mwezi, omba ya karibu zaidi, na ukinyimwa uliza nesi gani anaweza kumpima uzito, presha na figo wakati mnasubiri.

*Mama yangu ameambiwa ataruhusiwa kesho baada ya nimonia. Sisi tunaona bado ni dhaifu mno. Tukatae?*
*— Wasiwasi*

Usikatae kwa sababu ya udhaifu peke yake. Kitanda cha hospitali nacho kina gharama yake mwilini. Mwaka 2007 watafiti waliwalaza kitandani wazee wazima wa afya kwa siku 10, wakapoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguu. Wazima hao! Ongeza kelele za usiku, kuamshwa kuchomwa sindano, kulala njaa kusubiri vipimo, na vijidudu vya wodini. Daktari Harlan Krumholz wa Marekani aliandika mwaka 2013 kwamba mtu akitoka hospitali huwa katika hali yake mwenyewe ya hatari, mbali na ugonjwa uliomlaza, na ndiyo maana wengi hurudi na tatizo jingine kabisa: kalazwa kwa mapafu, karudi kwa kuanguka.

Cha kukataa ni kutoka bila majibu. Leo hii, kabla zamu haijabadilika, muulize nesi au daktari: kipimo gani bado hakijarudi, na nani atatupigia kikirudi? Swali hili watu hulisahau mno, na utafiti mmoja wa mwaka 2005 ulikuta wagonjwa 41 katika kila 100 waliondoka wakati majibu ya vipimo vyao bado yanasubiriwa. Uliza dawa gani mpya, gani imeachwa, antibiotiki inaisha siku gani. Uliza dalili zipi zitufanye tupige simu na zipi zitufanye tuje moja kwa moja bila kupiga. Na namba: ya mchana, na ya saa nane usiku.

Kisha mrudishie maelezo. Sema, "Ngoja nikueleze nilivyoelewa, unisahihishe." Nesi mzuri atafurahi. Akikunja uso, endelea tu kusema.

Jambo moja linaweza kuwafanya mwombe siku ya ziada kwa haki: kama mama hawezi kutoka kitandani kwenda chooni na nyumbani hakuna mwenye nguvu za kumsaidia usiku. Hilo wodini hawalioni, kwa kuwa pale wapo wao. Liseme kwa sauti.

*Habari mama. Mume wangu amepata kiharusi, upande wa kulia haufanyi kazi na maneno hayatoki vizuri. Tuko nyumbani wiki ya pili. Anakohoa sana akila. Shemeji zangu wanakuja jioni kumlisha ili nipumzike, lakini wanamlisha akiwa amelala kwa sababu "asichoke". Nikisema naonekana mkorofi.*
*— Mke Mkorofi*

Endelea na ukorofi huo, bibie, unaweza kumwokoa.

Anayekohoa sana akila anapaliwa. Kiharusi hulegeza misuli ya kumezea, na chakula au maji yakiingia njia ya hewa huishia mapafuni, na nimonia ya namna hiyo ni mojawapo ya mambo yanayowarudisha sana wagonjwa wa kiharusi hospitalini. Kwa hiyo kabla ya yote, leo piga simu mlikotibiwa, useme "anapaliwa", uombe apimwe namna anavyomeza. Wapo wataalamu wa kazi hiyo, na watakwambia kama chakula chake kilainishwe au vinywaji vifanywe vizito. Usivifanye vizito kwa kukisia.

Wakati unangoja: aketi wima kabisa, kiuno kimekunjwa, miguu imekanyaga kitu, kidevu kimeinama kidogo. Tonge dogo, kijiko kidogo. Angoje ameze ndipo kije kingine. Asiongeleshwe akitafuna, televisheni izimwe. Baada ya kula mfunulie shavu la upande uliolegea uangalie, chakula hujificha humo bila yeye kuhisi. Msafishe kinywa. Abaki ameketi kwa nusu saa. Na sikiliza sauti: ikiwa na majimaji, kama mtu anayeongea na mate kooni, simamisha mlo. Kuna wanaopaliwa bila hata kukohoa, hao dalili yao ni sauti hiyo, au homa inayokuja bila sababu.

Shemeji zako wanakupenda, nadhani, na wanahitaji kuambiwa na mtu asiye wewe. Wasomee barua hii. Kama bado hawasadiki, mmoja wao aende kliniki na mgonjwa badala yako. Nimeona watu wakorofi kuliko wao wakirudi kliniki wapole kabisa.

Mawili zaidi kwa haraka. Msimvute kwa mkono uliopooza mkimwinua, bega hutoka mahali pake. Na kama hageuki mwenyewe kitandani, ageuzwe takriban kila saa 2, huku mkitazama makalio, nyonga na visigino: ngozi iliyobadilika rangi, na rangi hiyo haififii ukiibonyeza, ni mwanzo wa kidonda cha kulalia.

Ulisema wanakuja jioni ili upumzike. Lala kweli saa hizo. Usifue nguo.

*Wanangu wamenitoa hospitali baada ya operesheni ya nyonga na sasa sina ruhusa ya kusimama. Nikiinuka wananifokea "baba kaa!" Hata maji naletewa. Waambie.*
*— Mzee Mfungwa*

Shikamoo mzee wangu. Nawaambia.

Watoto, mwacheni baba atembee. Aliyefanyiwa operesheni ya nyonga hufundishwa kutembea mapema, mara nyingi siku inayofuata, na akikalishwa kitini damu inaweza kuganda miguuni, mapafu yakajaa makohozi, na nguvu alizorudi nazo zikaisha. Kazi yenu ni kuondoa mikeka inayoteleza na nyaya za sakafuni, kuweka taa ya njia ya chooni, kumtafutia viatu vinavyoshika kisigino, na kutembea ubavuni pake. Ubavuni, jamani, si mbele mkimvuta.

Nawe mzee, hapo ulipo najua hujasimulia yote. Tumia fimbo au kile chuma cha kutembelea ulichopewa, hata kama hakikupendezi, na ufuate masharti uliyopewa ya kuinama na kukunja mguu. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwenzake, sema siku hiyohiyo. Kifua kikichoma au pumzi zikikata ghafla, hiyo ni dharura, watoto wakufokee wanavyotaka lakini wakufikishe hospitali.

*Mama, mimi ni muuguzi mwenye mwaka mmoja kazini. Wodi yetu imeniambia nianze kuwapigia simu wagonjwa walioruhusiwa. Wenzangu wananicheka, wanasema simu haijawahi kumponya mtu. Ni kweli inasaidia? Niseme nini?*
*— Nesi Mpya*

Wenzako wana nusu ya ukweli, na ni vizuri uijue nusu hiyo kabla hujashika simu.

Mwaka 2006 daktari Eric Coleman na wenzake walichapisha matokeo ya mpango ambao muuguzi humwona mgonjwa wodini, humtembelea nyumbani mara moja, kisha humpigia simu mara tatu, lengo likiwa mgonjwa na familia wajifunze kujisimamia. Ndani ya siku 30 waliorudi kulazwa walikuwa 8.3% dhidi ya 11.9% ya wale wasiopata huduma hiyo. Mwaka 2009 hospitali moja ya Boston ilijaribu jambo linalofanana: nesi anayepanga ruhusa yote, kijitabu chenye picha, na mfamasia anayepiga simu siku chache baadaye. Kurudi hospitali, kwa kulazwa au kwa dharura, kulipungua kwa takriban 30%. Ukiangalia, simu ilikuwamo, lakini haikuwa peke yake.

Halafu soma na matokeo ya utafiti wa mji wa Camden, New Jersey, Marekani, ya mwaka 2020. Wagonjwa 800 wenye matatizo mazito, nusu wakapewa timu kamili ya kuwafuata mpaka nyumbani. Baada ya siku 180 waliorudi kulazwa walikuwa 62.3% kwa waliofuatwa na 61.7% kwa wasiofuatwa. Hakuna tofauti. Mimi nasoma hivi: kwa mtu mwenye maradhi mengi, asiye na makazi ya uhakika au mwenye ulevi, nesi hawezi kuziba peke yake pengo la nyumba, kipato na kliniki iliyojaa. Usiahidi usichoweza. Na usihesabu kila anayerudi kuwa ni kushindwa kwako, wengine unawarudisha wewe mwenyewe kwa kusikia pumzi zao kwenye simu, na umefanya sawa.

Sasa cha kusema. Piga siku ya pili au ya tatu, wakati dawa mpya zimeshaanza na maswali yamejaa. Usiulize "unaendeleaje?" Utajibiwa "salama tu" na mtu mwenye homa. Mwambie akachukue dawa zake, umsubiri, kisha akusomee jina lililo kwenye kila pakiti na akwambie leo asubuhi amekunywa ngapi. Ukikuta pakiti isiyo kwenye karatasi yako, umeshapata kazi ya siku. Muulize jana usiku alilala vipi, mara ngapi aliamka, na kwa nini. Muulize kliniki ni lini na nani atamfikisha, na akisema "nitaona", hajui. Mtu wa kidonda cha mshono mwambie anayemtunza akitazame mkiwa kwenye simu: kuna usaha, harufu, wekundu unaosambaa, joto ukikigusa? Kama wana simu ya picha, akutumie, lakini kwa njia ambayo hospitali yenu imeiruhusu.

Kisha omba uzungumze na yule anayempa dawa. Mara nyingi hakuwepo siku ya ruhusa, alikuja mwingine kumchukua mgonjwa, na maelezo yote mazuri uliyoyatoa wodini yalibaki kwa huyo mwingine. Andika jina lake kwenye faili pamoja na namba yake. Safari ijayo mgonjwa akilazwa, huyo ndiye umwite kabla ya kumruhusu.